Mgogoro wa pango uliogeuka hukumu: uchambuzi wa kisa cha fundi cherehani na dalali wa mahakama

Asubuhi ambayo dalali wa mahakama aliingia katika karakana mpya ya fundi cherehani ninayemzungumzia hapa, akiwa na karatasi mkononi na vijana wawili wa kubeba mizigo nyuma yake, fundi alifanya jambo ambalo karibu kila mfanyabiashara niliyewahi kukaa naye juu ya mashauri ya namna hii hulifanya: alianza kueleza habari za paa. Alieleza kwamba lilivuja msimu mzima, kwamba majora ya kitambaa yaliharibika, kwamba mwenye jengo aliahidi mara tatu kulitengeneza na hakulitengeneza, na kwamba kwa sababu hiyo kodi anayodaiwa haina haki. Dalali alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mwenye uwezo wa kusikiliza maneno hayo ni mahakama iliyotoa hukumu, naye amepewa kazi ya kuitekeleza tu. Akaanza kuorodhesha vyerehani. Kila alichosema fundi kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumsaidia mahali pale na saa ile.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ya pengo hilo lililopo kati ya kuwa na haki na kuwa na haki iliyofikishwa panapostahili. Majina, mji na sarafu nimeviacha nje, na viwango vyote nitavipima kwa miezi ya kodi, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo inaeleweka popote. Mimi sikuwa wakili wa fundi huyu. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kupanga karatasi zake na kuzisoma kwa mpangilio wa tarehe, na maombi ya mahakamani yaliandikwa na wakili.

Deni lilivyozaliwa

Fundi alikuwa amepanga chumba cha biashara kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu, akaweka amana ya kodi ya miezi miwili. Mkataba haukuwa na kifungu cha kumruhusu kuondoka kabla ya muda, na aliusaini kwa jina lake mwenyewe. Jambo hili la mwisho watu hulipita haraka. Kama mkataba ungesainiwa na kampuni iliyosajiliwa, bila mdhamini, mwenye deni angekuwa kampuni, na vitu vya nyumbani kwa fundi visingeguswa. Kwa kuwa alisaini yeye, deni lilimfuata yeye popote alipokwenda.

Miezi kumi na minne ilipita bila neno. Mwezi wa kumi na tano paa likaanza kuvuja juu ya meza ya kukatia. Fundi alilalamika kwa simu, akalalamika kwa mdomo, na mara moja tu akaandika ujumbe mfupi, ambao kwa bahati njema haukufutika katika simu yake. Mwenye jengo alijibu ujumbe huo kwa maneno matatu: fundi wa paa anakuja. Hakuja. Ndipo mpangaji akaamua mwenyewe kulipa nusu ya kodi, akafanya hivyo kwa miezi minne, na mwisho wa mwezi wa kumi na nane akahama. Ufunguo alimwachia mlinzi wa jengo. Cherehani moja ya kupindia, iliyokuwa imefungiwa katika chumba cha nyuma, ilizuiwa na mwenye jengo kuwa rehani, kama alivyosema mwenyewe kwa simu.

Naelewa kwa nini alilipa nusu. Mtu anayepewa nusu ya chumba anaona ni haki kulipa nusu ya kodi, na akili ya kawaida inamuunga mkono. Sheria mara nyingi haiendi hivyo. Katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, ahadi ya kulipa kodi na ahadi ya kutengeneza jengo husimama kila moja kwa miguu yake, isipokuwa mkataba au sheria iwe imeziunganisha; mpangaji anaweza kudai fidia kwa ajili ya paa, lakini kukata kodi bila makubaliano wala amri kunamfanya aonekane mdaiwa sugu kwenye daftari la mwenye jengo. Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili vizuri zaidi. Uswisi, kwa mfano, humruhusu mpangaji aliyempa mwenye jengo muda wa maandishi wa kurekebisha kasoro, na kumwonya kwamba asiporekebisha kodi itawekwa kwingine, kuipeleka kodi hiyo kwenye ofisi iliyoteuliwa na mamlaka. Kodi iliyowekwa huko huhesabiwa kuwa imelipwa, na mwenye jengo hana tena jina la mdaiwa la kumbandika mpangaji. Mahali pasipo na utaratibu kama huo, njia iliyo karibu nao ni kulipa yote pamoja na barua ya kupinga, au kupata ridhaa ya maandishi ya kupunguza, hata kama ridhaa yenyewe ni mstari mmoja wa ujumbe.

Kosa la pili lilikuwa ufunguo. Kurudisha chumba kabla ya muda wa mkataba ni tendo la watu wawili: mmoja anarudisha, mwingine anapokea kwa maana ya kukubali kuwa upangaji umekwisha. Mlinzi alipokea kipande cha chuma, na hakuwa na uwezo wa kupokea mwisho wa mkataba. Kwa hiyo mwenye jengo aliweza baadaye kuiambia mahakama kwamba mpangaji alitoroka na kuwa kodi iliendelea kuhesabika.

Hukumu iliyotoka bila yeye

Madai yaliyofunguliwa yalikuwa hivi: kodi ya miezi miwili iliyotokana na zile nusu nne, kodi ya miezi sita ambayo chumba kilidaiwa kukaa kitupu, na gharama ya ukarabati iliyolingana na kodi ya mwezi mmoja. Jumla miezi tisa. Amana haikutajwa kabisa. Wito wa mahakama ulipelekwa kwenye chumba kilekile alichohama, ukabandikwa mlangoni, na mpeleka wito akaapa kwamba ameufikisha. Fundi hakufika mahakamani kwa kuwa hakujua, na hukumu ikatolewa kwa kusikiliza upande mmoja. Riba na gharama za kesi zilipoongezwa, karatasi ya dalali ilisoma kiasi kilichozidi kidogo kodi ya miezi kumi.

Hapa pana tofauti ya mifumo ambayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ushauri wa nchi moja ukihamishiwa nchi nyingine huweza kumwangamiza mtu. Nchini Uswisi, chini ya sheria ya ukusanyaji madeni na ufilisi ya mwaka 1889, ofisi ya madeni hutoa amri ya malipo bila kuchunguza kama deni lipo au halipo. Mdaiwa ana siku 10 za kuipinga, hahitaji kutoa sababu yoyote, na akishapinga utekelezaji husimama mpaka mdai aende mahakamani. Katika mahakama za Afrika Mashariki na Uingereza mlango huo mwepesi haupo mara hukumu inapotoka. Anayepinga lazima arudi kwenye mahakama iliyotoa hukumu, aombe itenguliwe, na aeleze kwa kiapo kwa nini hakufika na ana utetezi gani. Kumpinga dalali mlangoni hakuhesabiki kuwa upinzani.

Wapo pia wenye majengo wasiopitia kesi ya kawaida, na ni lazima mpangaji ajue ni mkono upi umemshika. Uingereza ilifuta utaratibu wa kale wa mwenye jengo kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, na tangu tarehe 6 Aprili 2014 ikaweka mahali pake utaratibu wa majengo ya biashara pekee, unaohitaji mkataba wa maandishi, wakala aliyeidhinishwa na notisi ya siku 7 kamili, tena kwa kodi yenyewe, si kwa ada za huduma wala ukarabati. Kenya bado ina sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, lakini wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa wanaolindwa na Sura ya 301 wana baraza lao maalumu la kodi za majengo ya biashara, na sheria hiyo imelipatia baraza hilo uwezo wa kuruhusu ukamataji wa namna hiyo. Uswisi humpa mwenye jengo la biashara haki ya kushikilia vitu vilivyomo kwa ajili ya kodi ya mwaka mmoja uliopita na nusu mwaka unaoendelea. Fundi wetu alikuwa chini ya hukumu ya mahakama, na cherehani ya kupindia ilikuwa imeshikwa kwa neno la mwenye jengo tu, bila amri wala utaratibu. Mambo hayo mawili yalipaswa kutenganishwa tangu mwanzo, naye alikuwa ameyachanganya kuwa dhuluma moja.

Siku za kati

Dalali hakubeba kitu siku ile. Aliandika orodha, akaacha notisi yenye tarehe atakayorudi, na kumpa fundi nakala. Siku hizo za kati, kati ya orodha na kubeba, ndizo zilizoamua kisa chote, na kwa masikitiko lazima niseme kwamba mbili za kwanza zilipotea. Fundi alishauriwa na majirani wa biashara asijali, kwamba deni la pango huzeeka na kufa. Deni husika lilikuwa tayari hukumu, na hukumu huzeeka polepole sana: Kenya na Tanzania zote humpa mshinda kesi miaka 12, wakati dai la kawaida la mkataba lina miaka 6. Ushauri mwingine ulikuwa mbaya zaidi. Usiku wa pili alihamishia cherehani mbili zilizoorodheshwa nyumbani kwa kaka yake.

Alipokuja kwangu siku ya tatu nilimwomba jambo moja kabla ya yote, azirudishe. Kuondoa mali iliyokwisha kuorodheshwa kwa amri ya mahakama ni kosa katika nchi nyingi, na hata pasipo adhabu, mtu anayekwenda kuomba huruma ya hakimu huku ameficha mali ameshaharibu ombi lake kwa mikono yake. Zilirudi jioni ileile. Kisha tukasoma karatasi ya dalali mstari kwa mstari: namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu, kiasi, sahihi na muhuri. Kutoka hapo wakili alipata jalada la kesi, na ndani ya jalada kulikuwa na kiapo cha mpeleka wito.

Kiapo hicho ndicho kilichofungua mlango. Tarehe aliyodai kubandika wito ilikuwa miezi kadhaa baada ya fundi kuhama, na siku hiyo chumba kilikuwa na biashara nyingine. Tuliwezaje kuthibitisha? Mteja mmoja wa zamani, aliyekwenda kumtafuta fundi pale, alinunua kitu kidogo katika duka alilolikuta na kubaki na risiti yenye anwani ya chumba na tarehe. Tarehe ya risiti iliangukia mwanzoni mwa mwezi wa tatu baada ya fundi kuhama. Karatasi ile nyepesi ilionyesha kwamba wito ulibandikwa kwenye mlango wa mtu mwingine, na wakati huohuo ikaonyesha kwamba chumba hakikukaa kitupu miezi sita. Sijawahi kuona karatasi ndogo ikifanya kazi kubwa kiasi hicho.

Mahakama hutofautisha hukumu iliyopatikana kwa kukiuka utaratibu na ile iliyopatikana kwa utaratibu sahihi mdaiwa asipofika. Ya kwanza, ambayo wito haukumfikia mdaiwa kabisa, mdaiwa ana haki ya kuona inatenguliwa. Ya pili inategemea hiari ya mahakama, na mwombaji lazima aonyeshe utetezi unaostahili kusikilizwa. Wakili hakutaka kuegemea nguzo moja tu, akaandika zote mbili, na pamoja na ombi la kutengua akaweka ombi la dharura la kusitisha utekelezaji kwa muda. Ombi la pili ndilo linalomzuia dalali. Kufungua ombi la kutengua peke yake hakusimamishi chochote. Nimeona watu wakirudi kutoka mahakamani na nakala yenye muhuri mfukoni na kukuta karakana tupu. Kwa ujumla anayeomba kusitisha aonyeshe kwamba atapata hasara isiyorekebishika kwa urahisi, kwamba hakuchelewa bila sababu, na kwamba yuko tayari kuweka dhamana. Hilo la dhamana ndilo lililotulazimu kufanya hesabu ya kweli.

Hesabu ya kweli

Fundi alitaka kuiambia mahakama kwamba hadaiwi kitu. Tulibishana naye kwa upole karibu jioni nzima, na naamini mabishano hayo yalimfaa kuliko karatasi zote nilizopanga. Zile nusu nne zilikuwa kodi ya miezi miwili ambayo hakuwa na ruhusa ya kuikata. Anaweza kudai fidia ya paa dhidi yake, lakini hawezi kujifanya haikuwapo. Miezi sita ya chumba kitupu ilishuka kuwa miwili kwa ushahidi wa risiti. Si kila sheria humlazimisha mwenye jengo kutafuta mpangaji mwingine, na Uingereza inajulikana kwa ukali katika hilo, ilhali kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania hutaka njia alizokuwa nazo aliyeumizwa za kupunguza hasara zizingatiwe. Lakini hapa hatukuhitaji kuufikia ubishi huo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumpata mpangaji, na hakuna sheria inayomlipa kodi mbili za chumba kimoja kwa mwezi mmoja. Ukarabati wa mwezi mmoja ulihusu dari iliyooza kwa maji ya paa lilelile, na tuliukataa wote. Jumla ikawa miezi minne, na tulipotoa amana ya miezi miwili ikabaki miwili.

Kutoka miezi kumi na ushei hadi miwili. Fundi alipoiona namba hiyo imeandikwa alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema hiyo anaweza kuilipa. Tangu hapo hakuzungumzia tena paa isipokuwa alipoulizwa. Mdaiwa anayekiri anachodaiwa kwa usahihi huaminiwa anapokana kingine, na hati ya kiapo iliyokuwa na hesabu hiyo, ujumbe wa simu, risiti na taarifa za benki za malipo ya nusu ilikuwa na kurasa chache tu.

Vitu vilivyoorodheshwa navyo vilihitaji kutenganishwa. Kati ya vyerehani saba, vinne vilikuwa vya fundi, viwili alivichukua kwa mkopo wa awamu na kwa mkataba vilibaki mali ya muuzaji hadi awamu ya mwisho, na kimoja kilikuwa cha mwanafunzi wake. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimeingizwa katika orodha kana kwamba ni bidhaa za duka. Hukumu hukamata mali ya mdaiwa peke yake, lakini anayepaswa kusema kitu ni chake ni mwenyewe. Fundi kulisema kwa niaba yake hakutoshi. Kenya utaratibu huo uko katika Amri ya 22 kanuni ya 51 ya kanuni za mwenendo wa madai, Tanzania katika Amri ya XXI kanuni ya 57. Muuzaji alileta nakala ya mkataba bila kusukumwa. Mwanafunzi aliogopa mahakama, na ilibidi aelezwe mara kadhaa kwamba kutokwenda ndiko kungempotezea cherehani.

Kuhusu vile vinne, sheria za nchi nyingi hukataza kukamata zana ambazo mtu anahitaji kwa kazi yake ya mikono, sambamba na mavazi, vyombo vya kupikia na matandiko ya familia. Kenya huliweka hilo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Tanzania katika kifungu cha 48 cha sheria yake. Ulinzi huo umekusudiwa kumwachia fundi mkate wake. Wakili aliuombea cherehani mbili, ile anayoshonea mwenyewe na ile ya tundu za vifungo, na kuacha nyingine. Fundi aliumia, lakini kuzidai zote kungeonekana kuwa kujificha nyuma ya sheria.

Mwisho wa shauri

Mahakama ilisitisha utekelezaji siku moja kabla ya tarehe ya dalali, na baada ya kusikiliza pande zote ikatengua hukumu, kwa sharti kwamba fundi aweke mahakamani kodi ya miezi miwili ndani ya siku 14 na amlipe dalali gharama zake za kuorodhesha. Sharti hilo la pili lilimuudhi, nami nilimwonea huruma, kwa maana dalali aliitwa kwa hukumu ambayo hakuijua. Alilipa. Aliweka na ile miezi miwili, kwa fedha aliyokuwa ameitenga kununulia vitambaa vya msimu.

Kesi ikawa imerudi mwanzo, na mwenye jengo alipoona risiti ya duka la mpangaji aliyefuata imo ndani ya jalada hakuwa na hamu ya kuiendeleza. Walikubaliana kwa maandishi: mwenye jengo achukue miezi miwili iliyowekwa, aongezewe nusu ya kodi ya mwezi kwa ada za mahakama kwa awamu tatu, arudishe cherehani ya kupindia, na fundi aache dai la vitambaa vilivyoloa. Je, fundi alipata haki yake yote? Hapana, fidia ya majora yale hakulipwa. Alikubali kwa sababu kila siku ya kwenda mahakamani ilikuwa siku bila kushona, na uamuzi huo ulikuwa wake kuupima.

Baada ya awamu ya tatu tulimwomba wakili jambo ambalo watu wengi huliacha wakishalipa, kusajili mahakamani kwamba makubaliano yametekelezwa na deni limekwisha, ili jalada lifungwe. Pasipo karatasi hiyo, miaka kadhaa baadaye mtu mwingine anaweza kulifungua jalada, kuona madai ya miezi tisa na kutoona malipo. Nakala iliyogongwa muhuri sasa iko katika bahasha moja na mkataba wa karakana mpya, pamoja na fomu ya makabidhiano ambayo fundi aliiandika mwenyewe kabla ya kuhamia humo, yenye nafasi ya sahihi mbili: yake na ya mwenye jengo.